Kitanzi cha Kurithi

Mwezi wa Disemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya azimio la kuzitaka serikali zote zisimamishe kuwanyonga wahalifu. Nchi 130 zilikubali, 32 zikakataa. Azimio la namna hiyo lilipopitishwa mara ya kwanza, mwaka 2007, waliokubali walikuwa 104 na waliokataa 54. Ni wito tu, halimshurutishi mtu. Lakini kila mwenye macho aona dunia inakoelekea.

Wanaolipinga husema kwamba taifa huru lina haki ya kujitungia sheria zake za adhabu. Neno hilo ni la haki, na sisi tuliopata kutawaliwa hatuwezi kulibeza. Lakini na tuulize: kitanzi kilichomo katika vitabu vyetu vya sheria alikitunga nani? Alikileta mkoloni, naye alikitumia barabara. Katika Kenya peke yake, wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, aliwanyonga watu zaidi ya elfu moja. Kisha huko kwao Uingereza akaacha kuwanyonga wauaji mwaka 1965.

Wafanyakazi wanafaa kulijua jambo la Mahmood Mattan, baharia Msomali aliyenyongwa katika jela ya Cardiff Septemba 3, 1952, kwa shtaka la kumwua mwanamke mwenye duka. Wakili wake mwenyewe, aliyewekwa kumtetea, alimweleza mbele ya mahakama kuwa ni mtu nusu mshenzi! Februari 1998 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu ile, kwa kuwa ushahidi haukuwa wa kuaminika. Jamaa zake wakalipwa fidia. Mattan alikwisha kuwa kaburini miaka 45.

Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba sheria ya Tanzania ya kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila aliyeua kwa kukusudia yavunja haki ya kuishi. Ikaamuru irekebishwe katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka huo ulipita, sheria ikabaki vile vile.

Hatusemi wauaji waachiliwe. Jamaa za waliouawa nao wanadai haki yao, na kifungo cha maisha si adhabu ndogo. Twasema jaji apewe hiari ya kupima, na Bunge lilifanye jambo hilo bila kungoja kuamriwa tena.