Mwanaboda wa Satellite hahitaji tairi la motokrosi

Katika maduka ya vipuri yaliyopangana kandokando ya Naivasha Road jijini Nairobi, kutoka Dagoretti Corner kupitia Satellite hadi Kawangware, tairi lenye meno makubwa ndilo hutundikwa mbele ya duka. Mteja huliona kabla hajashuka kwenye pikipiki, na mwuzaji hana kazi kubwa ya kulisifu: hili halishindwi na tope, hili ni la kazi. Mvua za vuli zikianza Oktoba, sifa hizo huongezeka. Mwanaboda aliyechoka kuteleza katika vichochoro vya Kabiria na Waithaka hulinunua akiamini amemaliza shida. Mara nyingi amenunua shida nyingine.

Tairi huchaguliwa kwa njia linayopita kutwa, wala si kwa dimbwi moja linalomkera mtu akitoka nyumbani. Na kwa pikipiki nyingi zinazoegesha Satellite, njia hiyo ni lami.

Mfuate mwanaboda asubuhi moja tu. Abiria anachukuliwa mlangoni, kwenye udongo mwekundu wa Riruta ambao mvua ikiunyeshea hugeuka utelezi juu ya tabaka gumu. Mita mia chache baadaye pikipiki imepanda barabarani, na kutoka hapo ni lami hadi Junction, Lavington au Kilimani, kukiwa na matatu inayofunga breki ghafla mbele yake. Anaporudi hali ni ileile. Tope limechukua dakika chache. Lami imechukua saa nzima.

Sasa tazama meno yale marefu yanavyofanya kazi. Kwenye udongo laini, jino huzama na kushika, na nafasi pana kati ya jino na jino huliwezesha tairi kurusha tope linapozunguka. Kwenye lami hakuna pa kuzama. Pikipiki inabaki imesimama juu ya ncha za meno, na mpira unaogusa barabara unakuwa kidogo mno. Breki ikishikwa, meno hupinda kabla ya kushika. Kwenye kona, pikipiki hutikisika kana kwamba upepo umepungua. Lami ikilowa, hatari huongezeka, na meno ya katikati ya tairi la nyuma huisha haraka kuliko mwenyewe alivyotarajia.

Wanaoyatumia meno hayo ipasavyo hawako mbali. Katika uwanja wa mbio wa Jamhuri Park, kando ya Ngong Road, pikipiki za motokrosi huletwa zikiwa zimebebwa kwenye pikapu na hurudishwa vivyo hivyo. Matairi yake hayagusi lami kabisa, na baadhi yameandikwa ubavuni herufi NHS, ikiwa onyo kwamba si ya kutumika barabara kuu. Hata huko, waendeshaji hawatumii tairi moja kwa kila hali. Lililotengenezwa kwa ardhi laini huwa na meno marefu, magumu na yaliyoachana. La ardhi ngumu huwa na meno mafupi yaliyokaribiana, na mpira wake ni laini zaidi, kwa sababu jino lisiloweza kuzama lazima lishike kwa kujibana na ardhi. Anayedhani ardhi ngumu inataka mpira mgumu ameielewa biashara hii kinyume.

Wapo pia wakazi wa magharibi mwa Nairobi wanaopenda kutoka wikendi. Njia ya kwenda Suswa inawafaa kama mfano. Mwendeshaji hupita Waiyaki Way, hufika Rironi, kisha huteremka bonde kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa kivita wa Kiitaliano miaka ya 1940, yenye malori na kona kali. Yote hiyo ni lami. Baada ya hapo ndipo hukutana na vumbi la volkano, laini kama unga, ambalo madereva wa Safari Rally wanalijua vizuri tangu mashindano yalipohamia Naivasha. Vumbini humo tairi la meno na upepo uliopunguzwa ni msaada mkubwa, kwa kuwa tairi lililolegea kidogo hukanyaga eneo kubwa zaidi. Lakini akigeukia upande wa Magadi, kwenye mawe ya volkano, upepo uleule mdogo utamponza: jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa pande mbili kwa mpigo. Na kabla ya kupanda tena Mai Mahiu kurudi nyumbani, hana budi kujaza upepo. Kwa safari kama hiyo, tairi la mchanganyiko, lenye vitalu vipana vilivyotenganishwa kwa mifereji, humfaa kuliko la motokrosi.

Udongo mweusi wa pamba, unaopatikana sehemu za Lang'ata, Karen na kuelekea Embakasi, ni habari nyingine. Ukilowa hunata na kujikunja kuzunguka gurudumu hadi likajam chini ya madigadi. Hapo hata meno hujaa yakawa kama hayapo. Kuinua madigadi ya mbele kunaweza kusaidia kuliko kubadilisha tairi, na fundi yeyote wa jua kali anaifanya kazi hiyo.

Mwanaboda basi anunue nini? Nyuma, tairi la mchanganyiko lenye vitalu vya kina cha wastani. Mbele, aachane na lile la mistari mitupu inayozunguka, ambalo pikipiki nyingi hutoka nalo dukani. Hilo hushika vizuri lami kavu na kuielekeza pikipiki sawasawa, lakini mistari ikijaa udongo wa Riruta, usukani hauna tena wa kuutii. Tairi la mbele lenye vitalu vidogo vilivyokaribiana hupita lami na kichochoro bila kufanya vibaya popote. Upepo ufuate kitabu cha pikipiki. Kwa nyingi za 100cc hadi 150cc ni takriban psi 25 mbele, na karibu psi 32 nyuma kukiwa na abiria.

Na asome ubavu kabla ya kulipa. Namba kama 3.00-17 ina maana ya upana wa inchi tatu na rimu ya inchi 17; tairi pana zaidi huenda likasugua mnyororo. Mshale uelekee upande gurudumu linakozunguka pikipiki ikienda mbele. Halafu atafute tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu: 3221 ni wiki ya 32 ya mwaka 2021. Tarakimu hizo zina uzito zaidi Kenya tangu Sameer Africa ilipofunga kiwanda chake cha matairi cha Nairobi mwaka 2016. Matairi sasa huja kwa meli, hukaa ghalani, kisha huanikwa juani mbele ya duka. Ukikunja jino kwa kidole gumba na kuona nyufa nyembamba shinani, mpira umezeeka hata kama haujawahi kukanyaga barabara.

Shida ni kwamba wanaboda wengi hawana sauti katika uamuzi huo. Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, umiliki wa pikipiki ulifunguka kwa wengi, na ukazaa mpango unaojulikana katika kila steji: mmiliki ananunua, kijana anaendesha na kuleta kiasi kilichokubaliwa kila jioni. Tairi likiisha, mmiliki huangalia bei, tena huanza na la nyuma kwa kuwa ndilo linaloisha mapema. La mbele huachwa hadi liwe kipara. Ilhali tairi la nyuma likiteleza, mwendeshaji mara nyingi huokoa pikipiki. La mbele likiteleza, huwa ameshafika chini, na abiria pamoja naye.

Pikipiki za umeme zinazoonekana kwa wingi Nairobi, za Roam, Spiro na wengine, zitaifanya hoja hii ya kuchagua tairi sahihi kuwa ya haraka zaidi. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa papo hapo, na kwenye udongo uliolowa gurudumu la nyuma linaweza kuzunguka bure mkono ukizidi kidogo tu.

Vyama vya akiba vya wanaboda tayari hukusanya michango ya msiba na ya faini. Vinaweza pia kuweka masharti mawili katika makubaliano kati ya mmiliki na mwendeshaji: kwamba tairi la mbele hubadilishwa mara uso wake unapofika kwenye alama ya TWI inayoonyesha kwamba tairi limekwisha, kwa gharama ya mmiliki, na kwamba aina ya tairi huchaguliwa na anayeendesha. Chama kinachonunua matairi ya wanachama wake kwa pamoja kabla ya Oktoba kitapata bei nafuu, na kitakuwa na nguvu ya kumwambia mwuzaji alete matairi ya mchanganyiko badala ya yale ya motokrosi.