Unataka kuhamia uhandisi? Tulia kidogo kabla ya kujaza fomu

Wiki za kwanza za muhula, chuo chochote kile, hutakosa kumsikia komredi huyu. Aliitwa kusomea Takwimu, lakini moyo uko kwa Uhandisi wa Umeme. Mwenzake wa chumba anapita na vifaa vya kuchorea begani, naye anahisi kama matatu imemwacha steji. "Nitahama tu," anajiambia. Pengine huyo ni wewe.

Sawa, hama. Lakini jua kwanza mlango uko wapi, maana wengi huishia kugonga ukuta.

Mlango wenyewe ni matokeo yako ya KCSE. Iwe unahamia chuo kingine kupitia KUCCPS au unabadilisha kozi ndani ya chuo kilekile, swali la kwanza ni hili: je, alama zako za klasta zinafika kiwango kilichowaingiza wenzako kwenye kozi hiyo mwaka huo? Klasta hukokotolewa kwa masomo manne yanayohitajika na kozi, jumla pointi 48, yakipimwa pamoja na masomo saba yenye jumla ya pointi 84. Ndiyo maana watu wawili wenye B+ wanaweza kuwa mbalimbali kabisa. Aliyeng'ara kwa Historia na Kiswahili hawezi kulingana na aliyeng'ara kwa Fizikia na Kemia. Na kama Fizikia uliiacha ulipoingia kidato cha tatu, hapo ni noma. Hakuna barua itakayoirudisha.

Mimi naona kuna dhuluma hapo. Mwanafunzi wa Hisabati aliyepata A ya kalkulasi mwaka wa kwanza ameshaonyesha anachoweza, lakini bado anapimwa kwa mtihani alioufanya akiwa na sare ya shule. Najua nafasi kwenye karakana na maabara ni chache. Hata hivyo, alama za chuo zingepewa angalau uzito fulani.

Tuseme umefaulu. Soma jina la kozi polepole. Shahada ya Uhandisi na ile ya Teknolojia ya Uhandisi zinafanana kwa macho tu. Wa kwanza husajiliwa na Bodi ya Wahandisi (EBK), chini ya sheria ya 2011. Wa pili wana bodi yao, KETRB, iliyoletwa na sheria ya 2016. Zote ni kazi za heshima, ila ukitaka kuitwa mhandisi na kutia sahihi michoro ya daraja, usijikute kwenye foleni isiyo yako.

Halafu fungua orodha ya EBK uitafute kozi yenyewe, si jina la chuo. Chuo kinaweza kuwa na kozi moja iliyoidhinishwa na nyingine ambayo haijaidhinishwa. Hili si jambo la kudhania. Wahitimu zaidi ya 100 walionyimwa usajili walienda kortini, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi 2018. Hebu fikiria: umemaliza miaka yote hiyo, kisha unaanza kusaka wakili.

Sasa ganji. Zamani mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa Sh16,000 za masomo kwa mwaka, awe wa Historia au wa Uhandisi. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 ulibadilisha hesabu. Mzigo wa familia ukafungwa kwenye gharama ya kozi yenyewe, na uhandisi ni kati ya zile ghali. Kwa hivyo unaweza kubaki kundi lilelile la ufadhili na bado mathe akaletewa bili kubwa zaidi. Ongeza muda. Takwimu ni miaka minne, uhandisi mitano. Ukihama baada ya mwaka mzima, huenda ukaanza upya, kwa sababu michoro ya kihandisi, mekaniki na mazoezi ya karakana hukuyafanya kule. Hiyo inakuwa miaka sita ya kodi ya nyumba na chakula. Waulize HELB mapema, kwa maandishi, mkopo wako utakuwaje. Na usiache kuhudhuria darasa la zamani kabla barua ya kukubaliwa haijafika mkononi. Kuna watu wamepoteza kozi zote mbili hivyo.

Kama kinachokuvuta ni lile "Eng." mbele ya jina, kumbuka digrii hukufanya mhandisi mhitimu tu. Sheria inadai angalau miaka mitatu ya uzoefu kabla ya kusajiliwa mhandisi kamili.

Lakini kama ni mashine zenyewe zinazokunyima usingizi, muombe mwanafunzi wa mwaka wa pili ratiba yake. Kaa nyuma ya darasa la mekaniki wiki nzima, dirisha la kuhama likiwa bado wazi. Madarasa yale yamejaa sana, hakuna atakayekuuliza wewe ni nani.