Habari za Nyumba Zetu: Majina ya Mlangoni

Mwezi huu tumepokea barua kumi na nne za habari za furaha, nazo ni nyingi kuliko nafasi tuliyopewa. Basi mwenye barua asipoiona hapa asidhani kwamba imepotea. Itatoka mwezi ujao, Mungu akipenda. Desturi ya ukurasa huu mwaijua: habari twazisimulia, bali majina hatuyachapi, kwa maana gazeti huenda mbali, na mtoto wa watu hana budi kulindwa. Majina husomwa na Padre siku ya Jumapili baada ya matangazo ya ndoa, kisha hubandikwa mlangoni pa kanisa, na kila aingiaye huyaona.

Twaanza na bibi mmoja aliyepita miaka sabini, ambaye Jumapili ya pili ya mwezi uliopita alisoma somo la kwanza mbele ya watu. Wengi wenu mwajua jambo hilo lilivyomgharimu. Katika miaka ya 1970, wakati wa kisomo cha watu wazima, alijifunza herufi chini ya mwembe pamoja na wenzake, akafika mahali pa kuandika jina lake. Kisha mumewe akaugua, na daftari likawekwa darini. Miaka miwili iliyopita mjukuu wake wa darasa la tatu alilikuta lile daftari, akamwuliza mbona halikwisha. Tangu siku ile, kila jioni vyombo vikiisha kuoshwa, wawili hao waliketi mkekani, mtoto akiwa mwalimu na bibi akiwa mwanafunzi, na twasikia kwamba mwalimu yule alikuwa mkali. Bibi alisoma habari za Ruthu. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, wala hapana aliyekohoa. Mjukuu alisimama kando ya nguzo akitembeza midomo pamoja naye hata mwisho.

Kuna nyumba nyingine iliyomaliza kuezeka baada ya miaka kumi na mmoja. Mabati yalinunuliwa mawili mawili, kwa fedha ya machungwa, kila msimu. Na kijana mmoja amepata cheti cha uashi katika chuo cha VETA. Naye ndiye aliyepata sifuri katika mtihani wa kidato cha nne, hata baba yake akaacha kuja barazani kwa muda wa miezi mitatu. Sasa baba amerudi barazani, na twamwomba radhi kwa kusema kwamba tulimkosa kuliko alivyodhani.

Sasa twafika kwenye habari iliyoleta maneno.

Binti mmoja wa nyumba ya Kikristo, karibu na barabara iendayo Tanga, alitoka shuleni mwaka 2021 kwa kuwa alipata mimba. Wakati ule binti wa namna hiyo alifukuzwa, na mlango wa shule ya Serikali haukufunguliwa tena kwake. Mwezi Novemba wa mwaka ule ule Serikali ya Tanzania ikatangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, hata mabinti walioacha kwa sababu ya kujifungua, wana ruhusa kurudi katika shule rasmi. Habari ile ilifika nyumbani kwao kwa redio. Bibi yake ndiye aliyeisikia, naye akaizima redio mara moja, asije akasikia neno jingine la kuikanusha, akaenda kumwamsha mjukuu wake.

Kurudi si neno jepesi. Binti alingoja mpaka mtoto alipoachishwa ziwa, kisha akaketi darasani pamoja na watoto waliokuwa nyuma yake, na wako waliomwita mama kwa mzaha. Bibi, aliyekuwa akiuza machungwa kando ya barabara tangu alfajiri, akaacha biashara ya asubuhi, akauza jioni tu, ili akae na mtoto. Na kila mwuzaji ajua kwamba mabasi mengi hupita asubuhi. Siku ambazo bibi alikwenda kliniki ya kisukari, jirani yao, mama wa Kiislamu, alimchukua mtoto, akamlisha pamoja na wa kwake. Mwalimu wa hisabati alimfundisha yeye na wenzake watatu saa kumi jioni, siku mbili kila juma, wala hakudai senti. Katika mtihani wa Novemba iliyopita binti huyu amepata daraja la pili, na mwezi Julai ataingia kidato cha tano.

Jina lake likabandikwa mlangoni pamoja na mengine. Kesho yake mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu sana, akaja kwa Padre akaomba lifutwe. Hatutaki kumfanya mzee huyu kuwa mtu mbaya, kwa maana hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema kwamba mabinti wa miaka kumi na sita hupita mlango ule kila Jumapili, nao wakiona jina la aliyeanguka limewekwa sawasawa na majina ya waliojizuia, watadhani kwamba kanisa halijali tena. Akasema pia kwamba yeye ana wajukuu wa kike wanne, na kwamba hofu yake si ya kitabuni.

Padre hakujibu siku ile. Jumapili iliyofuata alisoma mlango wa kwanza wa Matayo, ile orodha ndefu ya mababu ambayo wasomaji huipita haraka, akaisoma yote, tena polepole. Kisha akatuuliza ni wanawake gani waliotajwa kabla ya Mariamu. Waalimu wawili walijibu: Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Padre akanyamaza kidogo, akaendelea na ibada. Jina halikufutwa.

Sisi twaongeza neno moja ambalo Padre hakulisema. Binti yule alitengwa na meza ya Bwana, akatubu, akarudishwa mbele ya watu wote, nasi tulikuwapo. Mwanamume aliyempa mimba jina lake halikufutwa mahali popote, kwa sababu hapana aliyelitaja. Tukiogopa kwamba mabinti watajifunza vibaya mlangoni pa kanisa, yatupasa tuulize pia vijana wa kiume wanajifunza nini katika kunyamaza kwetu.

Lakini neno hili la majina limetufanya tuifungue tena barua ya Mtume Paulo kwa Warumi, mlango wa kumi na sita, ambao ni ukurasa wa habari za nyumba kama huu wetu. Paulo yuko upande wa Korintho, naye awasalimu watu zaidi ya ishirini kwa majina. Tulipousoma tena tulishangaa kuona asichokitaja. Hasemi nani amejenga, wala nani amepata cheo. Fibi wa Kenkrea amekuwa msaada wa wengi, na wa Paulo mwenyewe. Priska na Akila walihatarisha maisha yao kwa ajili yake. Mariamu alifanya kazi nyingi. Trifaina na Trifosa walifanya kazi. Persisi naye vilevile. Rufo asalimiwa pamoja na mama yake, ambaye Paulo amhesabu kuwa mama yake yeye pia, na twadhani kwamba mama huyo alimpikia na kumfulia nguo, kwa maana ndivyo mtu apatavyo kuwa mama wa mgeni. Hata Tertio aliyeshika kalamu apewa nafasi ya kutoa salamu zake. Katika watu wote wa mlango ule ni mmoja tu atajwaye kwa kazi ya serikali, Erasto, wakili wa mji. Naye apita kwa maneno machache karibu na mwisho, pamoja na ndugu mwingine asiye na cheo chochote.

Hivyo tumeona kwamba karatasi ya mlangoni ilipungukiwa. Iliandika jina la binti na daraja lake, ikaishia hapo. Bibi hakuwamo, wala mwalimu wa hisabati, wala mama jirani. Kadhalika katika habari ya somo la Jumapili, jina la mjukuu wa darasa la tatu halikuandikwa. Padre amekubali kwamba tangu mwezi huu kila jina liandikwe pamoja na majina ya walioichukua kazi hiyo mabegani, na kwamba mama jirani aulizwe kwanza kama apenda jina lake libandikwe mlangoni petu. Ameulizwa. Alicheka sana, akasema liandikwe, mradi herufi zisikosewe.

Kosa hili la kusahau ni la zamani. Mwaka 1888 wamisioni wa Universities' Mission walianza kupiga chapa gazeti la Msimulizi katika chuo cha Kiungani, Unguja, na ndani yake waalimu na wanafunzi Waafrika waliandikiana habari za vituo vyao. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa akawekewa mikono kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misioni ile. Na jina lake limo katika kila kitabu cha habari za kanisa letu. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa Chitangali, upande wa kusini. Mkewe Lucy alikuwa mwalimu, mwanamke wa shule ya Mbweni, naye alimfuata huko bara, mbali na rafiki zake wote. Waulizeni watoto wa Kipaimara jina la kasisi wa kwanza, watajibu. Kisha waulizeni jina la mkewe.

Imebaki habari ya karamu, nayo twaisema kwa ufupi kwa sababu tumekwisha kuwachosha wengi kwa shauri hili. Kadi za michango zimezidi. Nyumba moja hupokea kadi za mahafali, za Kipaimara, za ndoa na za kuaga, hata mtu huona haya kufungua mlango akisikia hodi. Na tumeona baba akikopa fedha ili kijana wake avikwe joho kwa siku moja, kisha deni likamfuata kijana chuoni. Hatusemi watu wasifurahi. Elisabeti alipojifungua, jirani na jamaa walikuja kufurahi pamoja naye, na hatudhani kwamba walikuja mikono mitupu. Lakini hapana aliyetumiwa kadi.

Nyumba ya binti wetu ilifanya hivi. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za Serikali imefutwa tangu mwaka 2022, bali karatasi ya maelekezo ya kujiunga ina orodha ndefu ya vitu vya kwenda navyo: godoro, shuka, ndoo, sare, viatu, rimu ya karatasi, fagio, jembe, tena nauli. Bibi alimwomba mwalimu ainakili orodha ile kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani mwa nyumba yake, kisha akapika chai na mihogo, akaita watu. Kila aliyekuja alichagua kitu kimoja, akaweka alama yake mbele yake. Godoro lilichukuliwa na umoja wa akina mama. Mama jirani alichukua shuka mbili. Baba wa kijana mwashi alichukua nauli, na kijana mwenyewe ndoo. Mpaka jua kuchwa kilibaki kitu kimoja tu, jembe.

Yule mzee wa kanisa hakuja kwenye chai ile. Hata leo hakubali kwamba jina lilistahili kubandikwa, naye ametuambia tuandike hivyo wazi, nasi tumeandika. Lakini siku ya tatu alimtuma mjukuu wake mkubwa wa kike, aliye kidato cha pili, na jembe jipya lenye mpini, akakaa na binti yule nyumbani hata jioni.

Barua za mwezi ujao zifike kwa mwalimu wa kituo kabla ya tarehe 20. Mwandikaji aseme ni nani aliyetimiza, ni kazi gani, na ni nani waliomsaidia. Na kwa hao wa mwisho atumie nafasi kubwa zaidi, hata barua ikizidi kurasa mbili.