Usinunue mbegu ya mahindi kwa picha ya pakiti

Hebu nikuulize wewe unayepanga kukodi ekari Trans Nzoia au Uasin Gishu msimu ujao: mbegu utaichagua vipi? Naweza kubahatisha. Ama utaangalia picha ya hindi lililonona kwenye pakiti, ama utapanda ile ya jirani. Mimi nilifanya yote mawili. Mahindi yalipokaribia kuchanua, majani ya chini yakatoa mabaka marefu ya kijivu, umbo la sigara, kisha yakapanda juu. Nikadhani ni mbolea. Nikaongeza mbolea, manze!

Kumbe ilikuwa kuvu. Mbegu zake husafiri kwa upepo, zinatua kwenye jani lenye umande, zinaota na kupenya ndani. Jani likikauka halitengenezi tena chakula, na majani yaliyo karibu na hindi na juu yake ndiyo yanayolijaza. Ndiyo maana nilivuna maganda mengi, punje chache.

Sasa sikia kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Mahindi yanajua kupigana. Hayana damu ya kupeleka askari mwilini kama sisi, kwa hivyo kila seli inajilinda hapo ilipo. Kutu, kwa mfano, inahitaji seli hai ndiyo ile. Baadhi ya mahindi yakihisi kutu imeingia, seli za pale huamua kufa mapema, na mgeni anakufa njaa. Kwa mabaka ya sigara kuna jeni moja, Htn1, iliyotoka kwa mahindi ya kienyeji ya Mexico. Inatengeneza protini inayokaa mpakani mwa seli kama bawabu. Haimalizi kuvu, inachelewesha tu mabaka. Lakini kila siku ya kuchelewa, hindi linaendelea kujaa.

Hapo ndipo watu hukosea. Wanasikia "mbegu inastahimili ugonjwa" wanadhani ni chanjo ya milele. Kinga ya jeni moja ni kama kufuli moja: kuvu hubadilika, na siku ikipata ufunguo, umeisha. Jeni nyingine, Ht1, ilipata mpinzani huko Hawaii miaka ya 1970. Kinga ya jeni nyingi ndogondogo haina mbwembwe, mabaka utayaona, lakini kuivunja si rahisi. Mimi ningechukua hiyo.

Na hata mbegu nzuri, tukiipanda sote, tunaialika shida. Mwaka 1970 sehemu kubwa ya mahindi ya Marekani ilikuwa na urithi uleule wa upande wa mama, uliopendwa kwa sababu uliwapunguzia wazalishaji wa mbegu kazi ya kung'oa maua ya kiume. Kuvu moja ikapata mwanya. Karibu asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima ikaenda. Kule nilikokodi, karibu kila shamba lilikuwa na mbegu moja. Inashangaza kidogo, maana H611, chotara iliyotoka Kitale mwaka 1964, ilizaliwa kwa kuchanganya mahindi ya kwetu na mengine kutoka Ecuador. Tulianza kwa kuchanganya!

Utaniambia kuna dawa ya kupuliza. Ipo, na inasaidia. Lakini jaribu kubeba pampu mgongoni ndani ya mahindi yaliyokupita kimo, halafu piga hesabu ya doo. Utaniambia pia utahifadhi punje za mavuno upande mwakani. Usithubutu kama ni chotara. Watoto wake hugawana urithi ovyo, mmoja ana kinga, ndugu yake hana.

Orodha ya KEPHIS ya aina za mbegu zilizoidhinishwa hutaja sifa zake, ikiwemo zinazostahimili magonjwa gani. Isome kabla ya kutoa pesa. Panda aina mbili za wazazi tofauti. Mabua ya mwaka jana usiyaache shambani, kuvu inalala humo. Au badilisha, upande maharagwe kwanza.

Juzi niliingia agroveti nikauliza, "Hii inastahimili mabaka ya majani?" Jamaa akanitazama kama nimeuliza bei ya ndege. Akageuza pakiti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ndiyo nikanunua.