Hina ipo uani, rangi tunaagiza: saluni za Pemba na mkulima washikane mikono

UKIPITA Chake Chake, Wete au Mkoani siku mbili tatu kabla ya Idi, utaona jambo ambalo sisi wachumi hatuliandiki mara nyingi. Maduka ya nguo yamejaa, wauza viatu wametandaza bidhaa zao barabarani, lakini wanaosubiri kwa muda mrefu kuliko wote ni akinamama waliokaa kwenye saluni. Huyu anataka hina, yule anataka kuficha mvi, na yule binti wa mwisho kwenye benchi anataka nywele zing'ae rangi ya dhahabu kama alivyoona kwenye simu. Msimu wa harusi nao ukiingia, mambo huwa yale yale.

Ndugu msomaji, sikusudii kuzungumzia urembo kwa ajili ya urembo. Mimi kazi yangu ni uchumi wa kilimo, na ninapoiona foleni ile naona soko. Swali langu ni moja: fedha inayolipwa pale inakwenda wapi? Sehemu kubwa inafuata pakiti na chupa zilizotoka nje, wakati mhina umeota uani kwa mwenye saluni mwenyewe. Kibaya zaidi, hina yetu tunaichanganya na unga wa piko, kisha tunamwambia mteja kuwa hiyo ni "hina nyeusi".

Kwa maoni yangu, saluni inayojua kazi ya rangi kitaalamu ndiyo soko la kwanza la mkulima wa hina wa Pemba. Lakini soko hilo halitasimama mpaka hina na piko vitenganishwe, na mpaka mafundi wetu wakubali kwamba kupaka rangi nywele ni fani yenye kanuni zake.

Kilichompata binamu yangu

Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu alipambwa siku tatu kabla ya harusi yake. Fundi alimchora maua meusi mikononi na miguuni, na zile mvi mbili tatu za utosini akazipaka dawa hiyo hiyo. Usiku wa pili mikono ilianza kuwasha. Asubuhi maua yote yalikuwa malengelenge, na macho yamevimba hata hayafunguki. Bibi harusi aliingia ukumbini amevaa glavu, na alama zilikaa mikononi mwake miezi mingi.

Yule fundi hakuwa mtu mbaya. Alitumia alichofundishwa na fundi mwenzake, kutoka kwenye kipakiti ambacho hakikuwa na maelezo anayoweza kuyasoma. Lakini tangu siku ile hakuna mtu wa ukoo wetu anayepeleka mwari kwake. Mjini Pemba habari hazihitaji redio. Kosa moja limemwondolea wateja ambao alihitaji miaka kuwapata.

Hina, piko na blichi si kitu kimoja

Hina ni majani ya mti, basi. Ndani yake mna rangi iitwayo losoni, ambayo hushikamana na ngozi, kucha na unywele. Rangi hiyo ni nyekundu ya kahawia. Kwenye mvi hutoka nyekundu hasa. Kwenye nywele nyeusi huonekana kwa mbali, mtu akisimama juani. Hakuna hina safi inayotoa weusi wa makaa kwa nusu saa. Ukiona hivyo, jua kuna kitu kimetiwa.

Kitu chenyewe mara nyingi ni kemikali inayofupishwa PPD, ambayo ndiyo inayoipa piko na rangi nyingi nyeusi za dukani nguvu yake. Kwenye nywele inaruhusiwa kwa kipimo: Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 katika rangi iliyokwisha kuchanganywa tayari kwa kupakwa. Kuchorea ngozi hairuhusiwi. Mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha, na safari ya pili hata rangi ya kawaida ya nywele inaweza kumvimbisha mtu uso na koo. Nchini Sudan, ambako akinamama nao walizoea kuichanganya na hina ili iwahi kukolea, madaktari wa Khartoum waliandika tangu miaka ya 1980 juu ya wagonjwa waliopata sumu hii, wakiwemo watoto walioinywa. Mwenye unga huu nyumbani aufungie kabatini.

Cha tatu ni blichi, na hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Unywele mweusi haugeuki wa dhahabu kwa kupakwa rangi juu yake. Ni lazima kwanza weusi wake wa asili uondolewe kwa unga wa blichi na maji ya kuchanganyia, yaani haidrojeni peroksaidi. Weusi hautoki mara moja. Unywele unapita kwenye kahawia, ukaja wekundu, ukaja rangi ya chungwa, ndipo ukafika manjano. Fundi anayejua husimama palepale unywele unapokuwa bado na uhai, akaweka rangi inayolingana na hatua aliyofikia. Asiyejua hulazimisha manjano siku hiyo hiyo, na mteja anarudi nyumbani nywele zikikatika kama mabua.

Kanuni ambazo saluni haiwezi kuzikwepa

Kwanza ni jaribio la ngozi. Rangi yoyote ya dukani ipakwe kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa mkono, kisha mteja asubiri saa 48. Najua fundi ataniambia mteja wa Idi hana saa 48. Basi aanze kuwaita wateja wake wiki moja kabla, na hapo hapo achukue malipo ya awali. Usalama na biashara vimekwenda pamoja.

Pili ni nguvu ya maji ya kuchanganyia. Chupa huandikwa 10, 20, 30 au 40, maana yake ni asilimia 3, 6, 9 na 12. Wengi hukimbilia 40 wakidhani kubwa ndiyo bora. Kwenye ngozi ya kichwa 40 ni moto. Kwa kazi nyingi za kufunika mvi 20 inatosha, na kwa blichi ni heri kwenda taratibu kwa nguvu ndogo.

Tatu ni kumuuliza mteja historia ya nywele zake. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zimekwisha kudhoofika. Kuzitia blichi juu yake ni kuzimaliza, na fundi mwaminifu hukataa kazi hiyo. Vilevile baadhi ya pakiti zinazouzwa kwa jina la hina zimetiwa chumvi za madini. Zikikutana na haidrojeni peroksaidi, nywele hupata joto na kuharibika kichwani mwa mteja. Dawa yake ni rahisi: kata kishungi kidogo cha nywele, kitie kwenye mchanganyiko ndani ya bakuli la plastiki, na utazame kabla hujagusa kichwa.

Nne, hata hina safi ina mipaka. Mtoto mchanga asipakwe hina. Watu wengi wa pwani, kwa sababu ya historia yetu ndefu na malaria, wana upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Kwa mtoto mwenye upungufu huo hina inaweza kuvunja chembe za damu na kumtia hatarini.

Na mteja anayetaka weusi bila PPD? Ipo njia ya zamani. Nywele zinapakwa hina kwanza, zikikoshwa zinapakwa unga wa majani ya nili uliochanganywa na maji matupu. Inachukua saa kadhaa, si nusu saa, na kwa sababu hiyo inastahili bei kubwa zaidi. Hata hii ijaribiwe kidogo kwanza, na fundi ahakikishe pakiti ni nili tupu.

Hesabu ya saluni na ya mkulima

Tupige hesabu ya mezani. Bei nitakazotaja ni za kuonesha njia, si bei za soko. Gramu 100 za unga wa hina zinatosha takriban kichwa kimoja cha nywele fupi au za kufika mabegani. Kwa hiyo kilo moja ni vichwa kumi. Tuseme mkulima anamuuzia fundi kilo ya unga mzuri kwa Sh 20,000, na fundi anatoza Sh 10,000 kwa kichwa. Kilo ile imeingiza Sh 100,000. Ukitoa hina, Sh 80,000 zimebaki za mikono ya fundi, glavu, ndimu, maji na kodi ya chumba.

Hapo tunajifunza mawili. Thamani kubwa iko kwenye ujuzi wa fundi kuliko kwenye jani, kwa hiyo elimu yake ni mtaji. Na fundi ana uwezo wa kumlipa mkulima bei nzuri, maadamu unga ni safi na unakolea. Upande wa pili, kichwa kimoja kilichoharibika kwa blichi kinaweza kula faida ya vichwa vingi: kurudisha fedha, kumtibu mteja, na wateja wanaokimbia kimya kimya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi aandike kila kichwa, rangi iliyotumika, kipimo na muda.

Kwa mkulima, sitaki kumdanganya mtu. Mhina hupenda jua kali na ukavu, na jani la nchi kavu huwa na rangi nyingi zaidi. Ndiyo maana mji wa Sojat, kule Rajasthan nchini India, umekuwa soko kubwa la hina duniani. Pemba yetu ina mvua nyingi, hasa kwenye vilima vya mikarafuu upande wa magharibi. Ningekuwa mimi, nisingekata mkarafuu hata mmoja kupanda mhina. Ningeanzia Micheweni na ukanda wa mawe wa mashariki, ambako ardhi ni kavu na mazao ya biashara ni machache. Ningepanda vipandikizi kwenye kipande kidogo na kwenye mipaka ya shamba, nikaupima ukolezi wake kwa mafundi kabla ya kupanua.

Mavuno yasigongane na masika. Jani lianikwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hulibabua likapoteza rangi. Likikauka litwangwe, lichekechwe kwa kitambaa chembamba, kisha lifungwe mahali pasipoingia mwanga wala unyevu, na pakiti iandikwe tarehe. Pakiti ya kutoka ng'ambo haiwezi kushinda unga uliosagwa wiki iliyopita. Tusishindane nayo kwa bei bali kwa upya wake.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo mbele ya karafuu. Nami nawakumbusha kwamba kiwanda cha makonyo pale Wawi kilituonesha kuwa hata kikonyo cha karafuu, kilichokuwa taka, kinatoa mafuta yenye soko. Mwani nao ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi waliuona ni kazi ya kupitisha wakati. Leo kuna akinamama wanaotengeneza sabuni za mwani. Lakini pia mwani umetufundisha uchungu: mkulima anayeuza malighafi tupu hana kauli kwenye bei.

Nini kifanyike

Kwanza, mafundi wa saluni wa kila mji waunde kikundi chao, wakubaliane jambo moja: hakuna piko kwenye ngozi. Anayetaka mchoro mweusi aambiwe ukweli, achague hina iliyokolea.

Pili, vyuo vya amali, kikiwemo kile cha Vitongoji, viipe kazi ya rangi ya nywele nafasi inayostahili, kwa vipimo na majaribio, kama fundi umeme anavyofundishwa asipigwe na shoti.

Tatu, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao vipodozi viko mikononi mwake, uongeze macho kwenye vipakiti visivyo na maelezo. Maelezo yawe kwa Kiswahili. Fundi hawezi kufuata onyo asiloweza kulisoma.

Nne, mkulima anayetaka kujaribu mhina asipande kwa kusikia. Akae na mafundi watatu, awaulize kwa mwezi wanatumia kilo ngapi na wako tayari kulipa nini. Mazao mengi yameoza Pemba kwa sababu tulipanda kwanza, tukatafuta mnunuzi baadaye.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wageni wanaotembelea visiwa vyetu huonywa kwao, na mamlaka za afya, wajihadhari na hina nyeusi. Onyo hilo linaigusa hata hina safi ambayo haikukosa kitu. Jina la hina tumelirithi kwa bibi zetu likiwa halina doa. Tukiliachia liharibiwe na kipakiti cha piko, hakuna bwanashamba wala mchumi atakayeturudishia soko hilo.

Binamu yangu sasa ana binti anayekaribia kuolewa. Ameshaniambia atamtafuta fundi anayesaga hina mwenyewe, hata kama yuko mbali na hata kama bei yake ni mara mbili. Mteja wa namna hii yupo, na fedha yake iko mkononi.

Mwandishi wa makala haya ni mtaalamu wa uchumi wa kilimo.