Kiwewe cha Mtihani Twakipika Wenyewe

Msimu wa mitihani ukibisha hodi hapa Lucky Summer, wazazi wenzangu, vitu viwili hupanda: bei ya kadi za heri na sauti zetu. "Ukishindwa na mtoto wa jirani usikanyage hapa!" "Mimi nachomeka na jua kwa ajili ya karo, wewe waniaibisha?" Ploti nzima yasikia. Asubuhi mtoto akitapika uji, twasema ana malaria, au kuna mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto aliyezoea kuchapwa kwa kila alama iliyopungua, akiona karatasi tu mwili wake hudhani vita vimeanza: adrenalini humpanda, moyo humdunda, viganja hulowa jasho, na akili iliyopaswa kutafuta jibu la hesabu inatafuta pa kujificha. Akishatoka nje, majibu yote humrudia. Siku ya nyani kufa miti yote huteleza, na mafuta tumeyapaka sisi.

Halafu mwatishia kwa lipi? KCPE ya darasa la nane na alama zake 500, iliyoanza 1985, ilizikwa 2023. Katika KJSEA, mtihani wa sekondari ya chini uliofanywa mara ya kwanza 2025, karatasi za gredi ya 9 hubeba asilimia 60 tu. 20 hutoka KPSEA ya gredi ya 6, na 20 kazi za shuleni za gredi ya 7 na 8. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mzazi bado auliza, "Umepata ngapi juu ya 500?" KCSE ni mzigo kweli, na asiyefika C+ chuo kikuu hakimpokei kwa shahada. Basi huyo wa kidato cha nne ndiye wa kutulizwa zaidi, si wa kutikiswa.

Nawajua, hamna ubaya. Mama anayerauka saa kumi za usiku kuwahi mtumba Gikomba ili mwana asome, nani wa kumfundisha mapenzi? Mtu wa subira hiyo hashindwi kufunga mdomo wiki tatu. Mkalishe mtoto mezani na karatasi ya mwaka uliopita, simu ipime muda, asisemeshwe. Mara ya kwanza atatetemeka, baadaye atapiga miayo. Aanze na swali analoliweza. Akibanwa na hofu, aweke kalamu chini, avute pumzi polepole, aitoe polepole zaidi. Tena alale! Ya mchana hukaa kichwani kwa usingizi, wala kalamu iliyopakwa mafuta ya upako haijibu swali lisilosomwa. Maombi ni mema, lakini 2016 Matiang'i, Waziri wa Elimu wa wakati huo, alipiga marufuku siku za maombi shuleni muhula wa tatu, na mimi sikulia.

Ila usingizi wenyewe utatoka wapi? Kushoto spika za baa, kulia spika za mkesha, katikati mtahiniwa na mto masikioni. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2009, na afisa wa kuzitekeleza sijui amelala wapi penye kimya hivyo. Ndugu mchungaji, Mwenyezi Mungu si kiziwi. Nawe mwenye baa, zima hiyo spika saa tatu usiku hadi KCSE iishe. Wateja wako wakitaka kucheza densi, Thika Road si mbali, na matatu zipo.