KURA 31

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Januari 2025 wajumbe wapatao elfu moja wa CHADEMA walikesha katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, wakingoja hesabu. Kulipokucha ikajulikana kuwa Bwana Tundu Lissu amepata kura 513, na Bwana Freeman Mbowe, aliyekuwa Mwenyekiti tangu mwaka 2004, amepata kura 482. Mgombea wa tatu alipata kura moja. Tofauti ya wakubwa hao wawili ilikuwa kura 31, watu wasiojaza hata daladala moja ya Mbagala.

Wapo wasemao kuwa hayo ni mambo ya chama kimoja na hayatuhusu. Hatukubaliani nao. Kila chama chenye wanachama, kiwe kinatawala au kinapinga, kitafikiwa na siku ambayo mtu mtaratibu aliyezoeleka atashindana na mtu mwenye haraka, na mfanya kazi wa Temeke atatakiwa kuamua ni yupi wa kumtuma. Yafaa basi tulitazame shindano hilo kwa makini.

Kwanza twapenda kuliondoa neno moja ambalo lilitumiwa ovyo siku zile, neno "woga". Bwana Mbowe alikuwa mwangalifu, lakini mwoga hakuwa. Wakazi wa Kinondoni wanakumbuka tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa jimbo lao, alipoongoza maandamano kwenda kudai viapo vya mawakala. Siku hiyo risasi ya polisi ilimwua msichana mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ndani ya daladala, wala hakuwamo katika maandamano. Kwa mambo ya siku hiyo Mbowe na wenzake walitiwa hatiani mwezi Machi 2020, na Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo mwaka 2021. Mwezi Julai wa mwaka huo huo alikamatwa tena, safari hii kwa mashtaka ya ugaidi, akakaa mahabusu mpaka Machi 2022. Mtu wa namna hiyo akitoka gerezani na kusema tuzungumze na serikali, hasemi kwa kutetemeka. Asema kwa kuwa ameona gharama yake.

Na mazungumzo yalizaa kitu. Mwezi Januari 2023 mikutano ya hadhara, iliyokuwa imezuiliwa tangu mwaka 2016, iliruhusiwa. Bwana Lissu mwenyewe, aliyepigwa risasi 16 mwilini mwake Dodoma mwaka 2017, alirudi nyumbani mwezi ule ule.

Lakini mazungumzo ni kama mkopo, yana siku ya kulipwa. Siku hiyo ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kabla ya kura kupigwa, na CCM ikatangazwa kushinda karibu viti vyote. Mwanachama wa Manzese au wa Tandale aliyejaza fomu yake kwa uangalifu, kisha akaambiwa hana sifa, hakuhitaji kuelezwa kuwa njia ya upole imefika ukingoni. Majuma mawili baadaye Lissu akatangaza kuwa atagombea uenyekiti. Alitaka mabadiliko ya sheria za uchaguzi kabla ya uchaguzi wowote; alitaka ukomo wa madaraka ndani ya chama; na tangu mwezi Mei alikwisha kusema hadharani, huko Iringa, kwamba fedha zimeingia katika chaguzi za chama chake. Mbowe aliingia ulingoni tarehe 21 Desemba, akiwa na heshima ya miaka 21 na jibu dogo kwa maswali hayo. Twaamini hapo ndipo aliposhindwa.

Hata hivyo mpinzani akishinda haachiwi kuisahau hesabu. Nyuma ya kura 513 zilikuwapo 482. Mbowe alikubali matokeo asubuhi ile ile na kumtakia mwenzake heri, jambo la kiungwana ambalo si la kila siku katika siasa zetu. Wafuasi wake hawakuwa na subira hiyo: mwezi Mei baadhi ya viongozi walikihama chama na kwenda CHAUMMA. Wakati huo Lissu alikuwa gerezani, kwa kuwa alikamatwa Mbinga tarehe 9 Aprili na kushtakiwa kwa uhaini, na siku tatu baadaye chama chake kikazuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutotia saini maadili. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya ghasia na vifo, ulifanyika bila jina la CHADEMA katika karatasi. Wako watakaosema ujasiri ndio ulioleta hayo. Sisi twauliza: upole wa Novemba 2024 ulileta nini?

Tuna lawama moja kubwa, nayo yawahusu wote wawili. Katika majuma yale ya kampeni tulisikia mengi juu ya fedha za nani na miaka mingapi mtu akae kitini. Juu ya mshahara wa kibarua wa viwanda vya Chang'ombe, kodi ya chumba Tandika, au machinga anayeondolewa barabarani, tulisikia kidogo mno. Mtu ajiitaye mpenda maendeleo apimwe hapo kwanza. (Na sauti ya kipaza sauti si kipimo, ingawa wako wanaodhani hivyo.)

Jambo jingine ni idadi ya wapigaji kura. Mwaka 1965 TANU iliwapeleka wagombea wawili wa karibu kila jimbo mbele ya wananchi wenyewe, mmoja na jembe, mwingine na nyumba, wakisimama jukwaa moja na kukatazwa kutumia fedha zao. Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, aliangushwa. Bibi Titi Mohamed naye akaangushwa Rufiji. Walioamua walikuwa maelfu. Miaka 55 baadaye, katika jimbo la Kawe, CCM ilimteua Bwana Josephat Gwajima, ambaye katika kura za maoni hakuwa wa kwanza. Na Mlimani City waliamua watu elfu moja.

Watu elfu moja wanaweza kulishwa, kulazwa na kununuliwa. Wanachama wote wa Kinondoni na Temeke hawawezi. Kabla ya mkutano mkuu ujao wa chama chochote, matawi ya Manzese, Mwananyamala, Mbagala na Yombo yadai kura hiyo iletwe kwao, kila mwenye kadi hai na karatasi yake.